Uaminifu wa Sauti Iliyonaswa

Kuna swali ambalo huwagawanya wapenzi wa muziki wa okestra wa Ulaya kila wakutanapo: katika rekodi nyingi za kazi moja, ni ipi iliyo bora? Watu wawili huipenda simfoni moja, lakini kila mmoja ana santuri yake, na kila mmoja hustaajabu kuona mwenzake hasikii lile alisikialo yeye. Mmoja huisifu rekodi ya zamani yenye mikwaruzo na vikohozi vya watu waliokuwamo ukumbini. Mwingine huisifu rekodi ya studio iliyo safi kama maji ya mtungi. Kwa sura yake ubishi huu ni wa anasa. Kwa undani wake ni ubishi juu ya maadili. Mtu aliyekabidhiwa kazi ya mwenzake aitimize atakuwaje mwaminifu kwake? Je, uaminifu ni kutii kila alama iliyoandikwa, au ni kuitia uhai kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe hakuweza kuiandika? Na yule aipokeaye kazi hiyo kwa masikio tu, mbali na mahali ilipofanyika, ana haki ya kuambiwa nini?

Huenda msomaji akauliza mjadala wa muziki wa Vienna na Berlin una nafasi gani katika kitabu cha utamaduni wa taifa letu. Mwalimu Julius Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba kujifunza utamaduni wa wengine si kuutupa wa kwetu. Sisi twaongeza kwamba yako maswali yaliyo rahisi kutazamwa kwa haki yakiwa kwa jirani, kwa kuwa huko hatuna mjomba wa kumtetea. Muziki tutakaouzungumzia ni wa kipindi cha mwisho cha mkondo ambao walimu wa fasihi huuita Ulimbwende, yaani tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Watunzi wa kipindi hicho, kama Wagner, Bruckner na Mahler, waliandika kazi ndefu za okestra kubwa, wakikusudia kuzungumza habari za mapenzi, mauti na mwisho wa mambo. Kazi hizo zimerekodiwa mara nyingi, na mahali penye vingi ndipo penye kulinganisha.

Tuanze na simfoni ya tisa ya Gustav Mahler, aliyezaliwa Bohemia mwaka 1860 na kufariki Vienna mwaka 1911. Aliimaliza kuitunga, lakini hakujaliwa kuisikia ikipigwa. Aliyeiongoza kwa mara ya kwanza, mjini Vienna mwezi Juni 1912, ni Bruno Walter, aliyekuwa msaidizi na rafiki wa Mahler tangu ujana wake. Tarehe 16 Januari 1938 Walter huyohuyo aliiongoza tena kazi hiyo mbele ya wasikilizaji, katika mji uleule na kwa okestra ileile ya Vienna Philharmonic, na kampuni ya HMV ya Uingereza ikainasa. Baada ya miaka 23, mwaka 1961, akiwa mzee wa miaka 84 anayeishi Marekani, aliirekodi mara nyingine huko California. Safari hii hapakuwa na wasikilizaji, vyombo vya kunasia sauti vilikuwa vipya, na okestra ilikuwa imekusanywa kwa ajili ya kazi ya kurekodi.

Anayezisikiliza rekodi hizi mbili moja baada ya nyingine huona kwamba, ingawa baba yao ni mmoja, hazikulelewa nyumba moja. Ile ya 1938 yachukua dakika 70 hivi. Ile ya 1961 yapita dakika 80. Katika ya kwanza muziki waenda kwa haraka ya mtu aliyebeba habari nzito, fidla zateleza kutoka sauti moja hadi nyingine kwa mtindo wa wakati ule, na vikohozi vyasikika penye utulivu mkubwa. Katika ya pili kila chombo chasikika mahali pake, na mwendo ni wa mzee apandaye ngazi akijua idadi ya vidato. Sehemu ya mwisho ya simfoni hii hufifia kidogo kidogo, hata fidla na jamaa zake zikabaki peke yake zikinong'ona. Sehemu hiyo ilimchukua Walter dakika 18 hivi mwaka 1938, na 21 hivi mwaka 1961. Leonard Bernstein wa Marekani, alipoiongoza pamoja na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam mwaka 1985, alikaribia dakika 30. Nota ni zilezile.

Sasa, ni nani kati yao aliyemtii Mahler? Mtunzi aliagiza kwa maneno kwamba sehemu ile iende polepole sana na kwa kujizuia. Lakini neno "polepole" halina mishale ya saa. Polepole ya mgonjwa si polepole ya mvuvi anayevuta nyavu, wala si ya bibi harusi aingiaye ukumbini. Wengine watasema: na tumwulize Walter, maana yeye alimjua Mahler, alikula naye na kutembea naye. Jawabu hilo lina nguvu, nasi hatulidharau. Hata hivyo Walter mwenyewe ametoa majibu mawili, moja akiwa na miaka 61 na jingine akiwa na miaka 84, na majibu hayo hayalingani. Ikiwa shahidi aliyekuwapo hutoa ushahidi wa namna mbili bila kusema uwongo, basi yatupasa tukiri kwamba alichoshuhudia kilikuwa kipana kuliko kauli moja.

Sisi tulio watunzi wa mashairi hatulioni jambo hili kuwa geni. Mtunzi hupanga vina na mizani, akaweka kituo chake, kisha shairi likaenda kwa mghani. Mghani mmoja hulisoma kwa sauti ya kuusia, mwingine kwa sauti ya kulalama, na huenda wote wawili wasikosee hata silabi moja. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini haifuati kwamba kila mghani yu sawa. Yuko anayekata mshororo mahali ambapo maana haijakatika, na yuko anayelia kwenye ubeti wa kejeli. Huyo hana njia nyingine ya kulisoma shairi, amelipotea tu. Kwa hiyo maandishi ni mpaka wa shamba. Ndani ya mpaka mna njia nyingi za kulima, na nje ya mpaka mtu analima shamba la mwingine. Deni la kwanza la mtekelezaji, basi, ni deni kwa mtunzi: asiuvuke mpaka kwa uvivu wala kwa kiburi. Walter na Bernstein wamo ndani ya shamba lilelile, ijapokuwa mmoja yuko upande wa mto na mwingine upande wa kilima.

Liko deni la pili, nalo ni deni la msikilizaji kwa wale anaowasikiliza. Rekodi ile ya Januari 1938 ina jambo jingine linalowavuta watu. Wiki nane baadaye, mwezi Machi, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Walter, aliyekuwa Myahudi na aliyekwisha kufukuzwa Ujerumani mwaka 1933, alikuwa nje ya nchi, akapoteza makazi yake. Muziki wa Mahler, aliyezaliwa Myahudi, ukapigwa marufuku. Wanamuziki Wayahudi wa okestra ile walifukuzwa, na baadhi yao waliuawa. Arnold Rosé, shemeji yake Mahler, aliyeongoza fidla za Vienna kwa zaidi ya miaka 50, alikimbilia London na kufia huko mwaka 1946. Binti yake Alma, naye mpiga fidla, alifia katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944.

Ni vigumu kwa mtu anayeyajua haya kuisikiliza rekodi ile bila kusikia ndani yake hofu na kuagana. Wengi husema kwamba ndiyo maana mwendo ni wa haraka, kwamba wapigaji walihisi mlango unafungwa. Hapa yafaa tusimame. Wanamuziki wale walijua kwamba hali ni mbaya, lakini hakuna hata mmoja aliyejua kitakachotokea mwezi Machi. Tunayoyasikia kama ubashiri tumeyaleta sisi tuliozaliwa baadaye. Je, ni kosa kuyaleta? La. Kusikiliza bila kukumbuka ni namna mojawapo ya ukatili. Kosa ni kutotofautisha kilichomo katika sauti na kilichomo katika ujuzi wetu. Asiyetofautisha huwafanya marehemu kuwa pambo la starehe yake. Huyafurahia mateso yao kama kiungo katika mchuzi. Zaidi ya hayo, huwanyima heshima waliyoistahili kama mafundi, maana husifu msiba wao na kusahau ufundi wao. Na ufundi umo. Hata asiyejua mwaka wala mji, akiusikiliza muziki ule kwa makini, atatambua kwamba wapigaji hawa wanaifahamu lugha wanayoizungumza.

Kanuni hiyohiyo yatufaa tunapokabiliwa na mtu aliyekuwa upande mwingine wa historia. Wilhelm Furtwängler hakuihama Ujerumani mwaka 1933 kama Walter. Alibaki, akaendelea kuongoza okestra chini ya utawala ule, na baada ya vita alihojiwa mbele ya baraza mjini Berlin mwezi Desemba 1946, kisha akaruhusiwa kurudi kazini. Wako waliozifunga rekodi zake kabatini. Wako pia wanaosema muziki hauna siasa, wakafumba macho. Sisi hatuwaungi mkono hawa wala wale. Anayekataa kusikiliza ana haki yake, ila asiseme kwamba muziki ni mbovu. Na anayesikiliza ana haki yake, ila asiseme kwamba uzuri wa muziki umelipa deni la mtu. Mizani ya masikio na mizani ya dhamiri ni mizani mbili, na hakuna inayoweza kupima mzigo wa nyenzake.

Deni la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo limeletwa na mashine. Katika enzi ya santuri za zamani, mwimbaji aliimba kipande cha dakika chache kwa pumzi moja; akikosea, alikirudia chote. Kanda za sumaku zilipoenea katika studio mwishoni mwa miaka ya 1940, iliwezekana kukata sehemu ya leo na kuiunga na sehemu ya jana, kama fundi cherehani anavyounganisha vipande vya kitambaa. Mwezi Juni 1952 Furtwängler aliirekodi London opera ya Wagner iitwayo Tristan und Isolde, ambayo ilionyeshwa kwanza mjini Munich mwaka 1865. Isolde aliimbwa na Kirsten Flagstad wa Norway, aliyekuwa na miaka 56. Sauti yake ilikuwa bado kubwa na tukufu, lakini ile nota ya juu kabisa, inayohitajika mara mbili katika tendo la pili, ilikuwa imeanza kumkimbia. Kwa ridhaa yake, nota hizo mbili ziliimbwa na mwimbaji mwingine, Elisabeth Schwarzkopf, zikaungwa mahali pake. Jambo hilo halikutangazwa. Baadaye siri ilivuja, na kuvuja kwake kulimuumiza Flagstad.

Je, palikuwa na udanganyifu? Watetezi wana hoja nzito. Wanasema kwamba tulichotaka kusikia ni Isolde, si cheti cha afya cha Flagstad. Wanasema nota mbili katika kazi ya zaidi ya saa nne ni tone baharini, na kwamba mtunzi aliandika nota ile na hivyo ana haki ya kuipata. Wataongeza, na hapa wanatugusa sisi waandishi, kwamba mshairi hufuta na kuandika upya mara kumi, wala hapana msomaji anayedai kuonyeshwa karatasi zilizochanwa. Mbona basi mwimbaji adaiwe kuonyesha mishono yake?

Tofauti, kwa maoni yetu, ni hii. Shairi lililochapishwa halidai kuwa lilitoka kinywani kwa pumzi moja. Msomaji anajua kwamba kuandika ni kufuta. Lakini rekodi inayobeba jina la mwimbaji husema: huyu ndiye uliyemsikia. Hiyo ni kauli ya ushahidi, na kauli ya ushahidi ikiwa na sehemu isiyo kweli, hata ndogo, huutia shaka ushahidi wote. Tangu siri ile ilipofichuka, wako wanaosikiliza rekodi ile wakiingoja nota ya juu kama askari anayemngoja mwizi, ilhali saa nne zilizobaki ni sauti halali ya Flagstad. Nota mbili zilizofichwa zimeyaibia maelfu yasiyofichwa. Kuunga kwenyewe hakukuwa dhambi. Laiti jina la pili lingaliandikwa kwenye jalada, deni kwa mtunzi lingalilipwa na deni kwa msikilizaji lingalilipwa vilevile.

Hoja hii yathibitishwa na mfano wa kinyume. Kati ya mwaka 1958 na 1965 kampuni ya Decca iliirekodi mjini Vienna kazi kubwa ya Wagner, Der Ring des Nibelungen, yenye opera nne, chini ya uongozi wa Georg Solti. Msimamizi wa kazi hiyo, John Culshaw, hakutaka kuiga jukwaa. Alitaka kutengeneza kitu ambacho jukwaa haliwezi. Wagner aliagiza fuawe 18 zigongwe katika opera ya kwanza, Das Rheingold, lakini majumba mengi ya opera hayamudu idadi hiyo. Culshaw alizitafuta fuawe 18 na zikagongwa. Sauti zilisogezwa huku na huko, ngurumo zikaundwa, vipande vikaunganishwa. Kwa wingi wa ufundi wa mashine, rekodi hii yaipita ile ya 1952 mara nyingi. Hata hivyo hapakuwa na anayelalamika kwamba amedanganywa, kwa kuwa Culshaw alieleza waziwazi jinsi kazi ilivyofanyika, tena akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1967. Na jambo la kutia moyo ni kwamba katika ile Das Rheingold ya 1958 Flagstad mwenyewe yumo. Akiwa na miaka 63, aliimba nafasi ya Fricka, inayoikubali sauti kama aliyokuwa nayo wakati ule. Hapakuwa na haja ya kumwazima mtu koo.

Kuna na mfano wa tatu, wa rekodi iliyoacha kosa lake mahali pake. Mwezi Oktoba 1979 Bernstein aliiongoza okestra ya Berlin Philharmonic katika simfoni ileile ya tisa ya Mahler. Hiyo ndiyo mara pekee ambayo aliiongoza okestra hiyo. Tamasha lilinaswa kwa ajili ya redio, na santuri zikatolewa mwaka 1992, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1990. Katika kilele cha sehemu ya mwisho, pale okestra yote inapopaza sauti, tromboni zinazotakiwa kuingia hazisikiki. Kosa hilo latambuliwa na kila aijuaye kazi hii. Hata hivyo ni rekodi inayopendwa sana, na wengi huitaja ya kwanza wanapoulizwa. Haipendwi kwa sababu ya kosa. Hupendwa kwa sababu kile kilichopatikana usiku ule hakikununuliwa kwa kuficha kilichokosekana. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi moja kubwa, nalo liliwahi kutolewa na bingwa wa kazi yenyewe. Sergiu Celibidache, mzaliwa wa Rumania, aliyeiongoza okestra ya Munich Philharmonic tangu mwaka 1979 hadi kifo chake mwaka 1996, alizikataa rekodi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kwake yeye muziki ulikuwa tukio la ukumbi fulani na saa fulani. Sauti ikitolewa katika ukumbi wake ni maiti ya muziki, na mwendo uliofaa pale hauwezi kufaa katika chumba cha mtu. Ikiwa asemalo ni kweli, basi sisi tunaolinganisha rekodi twalinganisha vivuli, na kubishana juu ya kivuli kipi ni kirefu.

Twakubali nusu ya hoja hiyo. Rekodi si tamasha, kama barua isivyo mtu. Lakini barua inayo heshima yake kwa mtu aliye mbali. Kijana wa sekondari katika mji wa Songea au Tabora hana ukumbi wa Munich wa kuingia jioni. Akikatazwa kivuli, hapewi mwili, hupewa giza. Na baada ya Celibidache kufa, jamaa zake waliruhusu kanda za matamasha yake zitolewe, na kwa kanda hizo ulimwengu ukasikia simfoni ya nane ya Bruckner ikienda kwa zaidi ya dakika 100, ilhali Furtwängler aliimaliza kwa chini ya 80. Kama walifanya haki kwa marehemu ni swali ambalo hatutalikata hapa. Twaona tu kwamba waliotupa barua hiyo walituambia pia kwamba mwandishi wake hakutaka itumwe. Anayeisikiliza aisikilize akilijua hilo, na kujua huko ni sehemu ya adabu yake.

Mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyodhaniwa. Kampuni ileile ya HMV iliyoinasa simfoni ya Mahler mwaka 1938 ndiyo iliyomnasa Siti binti Saad wa Unguja huko Bombay mwaka 1928. Mashine zilikuwa za ukoo mmoja, na sheria yao ilikuwa moja: upande mmoja wa santuri ulibeba dakika chache tu. Simfoni ya dakika 70 ilikatwa ikajaa pande 20, na msikilizaji aliinuka kugeuza santuri katikati ya sentensi ya muziki. Wimbo wa taarabu, ambao barazani waweza kurefushwa kadiri wasikilizaji watakavyo, ulipaswa kujikunyata ukaingia katika upande wake. Kwa hiyo tunapoisikiliza leo sauti ya Siti katika santuri, twasikia kweli, lakini ni kweli iliyopimwa na kisahani. Anayeichukua santuri hiyo kuwa kipimo cha kuwahukumu waimbaji wote waliomfuata, akisema huyu amerefusha na yule ameongeza, humdhulumu Siti kwanza. Anamfungia katika dakika zake chache, naye hakuishi humo.

Hatari hii inaongezeka kadiri tunavyozidi kuhifadhi. Kwa miaka mingi waghani, ngoma na bendi za nchi yetu zilinaswa katika kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, na siku hizi kila kijana ana kinasa sauti ndani ya simu yake. Ni neema kubwa. Lakini utenzi uliosomwa na vinywa kumi, ukinaswa katika kinywa kimoja, baada ya kizazi kimoja huonekana kwamba ulikuwa wa kinywa hicho tu, na tisa vingine vikaitwa makosa. Wazungu wameirekodi simfoni ya tisa ya Mahler mara nyingi, na wingi huo ndio uliowafundisha kwamba kazi ni pana kuliko rekodi yoyote. Sisi tukinasa mara moja na kuridhika, tutakuwa tumehifadhi sauti na kupoteza upana.

Kwa walimu, tungependekeza zoezi lisilohitaji gharama kubwa. Chagueni utenzi mmoja au wimbo mmoja, mpate rekodi mbili za watu wawili. Wanafunzi wasikilize bila kuambiwa ni nani, lini wala wapi, kisha waandike walichokisikia: mwendo, pumzi, mahali sauti ilipopanda na ilipovunjika. Baada ya hapo waambieni habari za waghani hao na nyakati zao, wasikilize tena, waandike mara ya pili. Karatasi hizo mbili ziwekwe pamoja. Yaliyomo katika ya pili na hayamo katika ya kwanza ndiyo yaliyoletwa na ujuzi wao. Wasiyafute, bali wayajue kwa jina lake. Mwisho waulizwe: kati ya wawili hawa, ni nani anayemdai mwenzake, na ni deni gani lililobaki bila kulipwa, la mtunzi, la waliopaza sauti, au la msikilizaji?

Na kwa wote wanaonasa sauti za wazee wetu, tuna ombi dogo. Juu ya kila kanda, au katika kila jalada la mashine mpya, liandikwe jina la aliyesoma, mahali, siku, walikuwapo akina nani, na kama palikatwa, palikatwa wapi na kwa nini. Ikiwa ubeti ulisahauliwa, uachwe umesahauliwa, na isemwe kwamba ulisahauliwa. Ikiwa sauti ya pili ilisaidia pale ya kwanza ilipochoka, na iandikwe sauti hiyo ni ya nani. Kuandika hivyo huchukua mstari mmoja au miwili ya wino, na watakaosikiliza baada yetu hawatakuwa na njia nyingine ya kujua.